Barack Obama Mkubwa: Mwanauchumi wa Kendu Bay aliyeikosoa serikali, kisha akaitumikia Hazina hadi kifo

Usiku wa Novemba 24, 1982, gari lililokuwa likiendeshwa na mwanauchumi mmoja wa Wizara ya Fedha ya Kenya liliacha njia jijini Nairobi na kugonga kisiki cha mti. Dereva huyo alipoteza maisha. Jina lake lilikuwa Barack Hussein Obama, mzaliwa wa viunga vya Kendu Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria.

Hakuwa waziri wala katibu wa wizara, na hakuwahi kuketi Bungeni. Alikuwa mmoja wa wale maafisa wa serikali wanaoandika ripoti ambazo wengine huzisoma na kuzitia saini. Miaka 26 baadaye jina lake lilitajwa katika kila pembe ya dunia, lakini kwa kuwa lilikuwa pia jina la mwanawe, aliyechaguliwa kuwa Rais wa 44 wa Marekani.

Sifa za mwana zimefunika kazi ya baba. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Obama Mkubwa alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo wa Kenya kusomea uchumi hadi kiwango cha juu, na kwamba mwaka 1965, taifa likiwa bado changa, alithubutu kuuliza hadharani swali linaloisumbua Kenya hadi leo: serikali inapokusanya na kugawa mali ya nchi, ni nani hasa hunufaika?

Swali hilo lilikuwa na mizizi yake katika mahali alikozaliwa.

MWANA WA KANYADHIANG

Obama Mkubwa alizaliwa katika kijiji cha Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Homa Bay. Stakabadhi zake hazikubaliani kuhusu mwaka: baadhi zinataja 1934 na nyingine 1936. Babake alikuwa Hussein Onyango Obama na mamake Habiba Akumu. Jina lake Barack linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya baraka, ambalo Waswahili nao wamelifanya lao.

Kendu Bay ya wakati huo ilikuwa bandari ndogo ambako meli za kutoka Kisumu zilitia nanga kupakia mazao na abiria. Palikuwa na maduka ya Wahindi, palikuwa na msikiti, na kando yake palikuwa na misheni ya Waadventista ya Gendia, iliyoanzishwa mwaka 1906. Si mbali na hapo lipo ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wenyeji husimulia kuwa lilikizamisha kijiji kizima kwa sababu ya kumnyima ajuza mmoja ukarimu.

Serikali ya kikoloni ilifika katika vijiji hivyo kwanza kwa sura ya mtoza kodi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kila nyumba ilitozwa kodi, na baadaye kila mwanamume mzima akatozwa kodi ya kichwa. Fedha hizo zililipia gharama za utawala, lakini zilikuwa na kazi nyingine pia: ziliwalazimisha wanaume kuondoka makwao kutafuta ajira kwa Wazungu, kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa sarafu ya serikali. Nyanza ikawa chemchemi ya vibarua wa reli, bandari na mashamba ya walowezi.

Onyango alikuwa mmoja wa wanaume walioishi maisha hayo ya kwenda na kurudi. Alihudumu katika jeshi la kikoloni wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akasilimu, kisha kwa miaka mingi akawa mpishi katika nyumba za Wazungu jijini Nairobi. Alikuwa mtu mkali, mpenda usafi na nidhamu, aliyeamini kuwa nguvu ya mzungu ilikuwa katika elimu na mpangilio wa mambo. Imani hiyo aliirithisha mwanawe. Ukali nao aliurithisha.

Barack alipokuwa mtoto, Onyango aliihamisha familia kutoka Kanyadhiang hadi Nyang'oma Kogelo, Alego, upande wa pili wa Ghuba ya Winam, kwenye ardhi ya mababu zake. Ndoa yake na Akumu haikudumu. Mnamo miaka ya kati ya 1940 Akumu alirejea kwao upande wa Kendu Bay na kuwaacha watoto. Familia husimulia kwamba Barack na dadake mkubwa walitoroka Kogelo kwa miguu, wakatembea siku nyingi wakimtafuta mama yao, kabla ya kupatikana na kurudishwa. Aliyewalea baada ya hapo ni mke mwingine wa Onyango, Sarah, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kama Mama Sarah wa Kogelo, na ambaye aliaga dunia Machi 29, 2021.

SHULE, KARANI NA NDEGE YA MAREKANI

Barack alianza masomo Gendia, akaendelea Ng'iya baada ya familia kuhamia Siaya, na mwaka 1950 akajiunga na Shule ya Maseno, iliyokuwa imeanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906. Alikuwa na kipaji kikubwa. Masomo aliyashika upesi, hesabu hazikumpa shida, na sauti yake nzito ilisikika hata pale aliposhauriwa kunyamaza. Hata hivyo, hakuelewana na wakuu wa shule, na mwaka 1953 aliondoka bila kukamilisha.

Kwa Onyango hiyo ilikuwa fedheha. Kijana alipelekwa Mombasa kufanya kazi ya ukarani, baadaye akahamia Nairobi. Wakati huo sheria ya hali ya hatari ilikuwa ikitekelezwa na vyama vya kisiasa vya Waafrika vilikuwa vimebanwa. Katika moja ya safari zake za nyumbani, kwenye dansi ya Krismasi mjini Kendu Bay, alikutana na Kezia, binti wa eneo hilo, akamwoa kwa mila za Kijaluo. Walijaliwa watoto wawili kabla ya miaka ya 1960 kuchukua mkondo wake, Malik na Auma.

Jijini Nairobi ndiko alikokutana na Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani aliyekuwa akiendesha mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Barack alifanya kazi katika ofisi yake na kuandika vitabu vidogo vya Kijaluo vya wasomaji wapya. Kimojawapo, kilichochapishwa mwaka 1959, kilikuwa katika mfululizo wa Otieno Jarieko, yaani Otieno mwerevu, na kilihusu njia bora za kulima shamba. Hivyo basi maandishi ya kwanza ya mwanauchumi huyu yalihusu jembe na udongo wa Nyanza.

Ni Mooney aliyemsaidia kumaliza masomo kwa njia ya posta na kuomba nafasi katika vyuo vya Marekani. Mwaka huohuo wa 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa asili ya Kisiwa cha Rusinga, alikuwa akiwatafutia vijana wa Kenya nafasi na ufadhili wa masomo Marekani. Ndege ya kwanza ya mpango huo iliwabeba wanafunzi 81. Obama hakuwa ndani ya ndege hiyo. Nauli na sehemu kubwa ya gharama zake za mwanzo zilitoka kwa Mooney na marafiki zake. Lakini alikuwa mtoto wa wimbi lilelile na wa matumaini yaleyale, kwamba nchi iliyokaribia uhuru ingehitaji watu wake wenyewe wa kuendesha ofisi zilizokuwa mikononi mwa wageni.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Hawaii, akawa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika chuoni humo. Katika darasa la lugha ya Kirusi alikutana na Stanley Ann Dunham. Walifunga ndoa Februari 1961, na Agosti 4 mwaka huo akazaliwa mwana aliyepewa jina la babake. Kezia alikuwa angali mkewe huko nyumbani.

Alihitimu mwaka 1962 kwa alama za juu na kupokelewa katika Chuo Kikuu cha Harvard kwa masomo ya uzamili na uzamifu wa uchumi. Mke na mwana aliwaacha nyuma; talaka ilitolewa mwaka 1964. Huko Harvard alifaulu mitihani yake mikuu, akabakiwa na kuandika tasnifu. Hapo ndipo bahati ilipomgeuka. Wakuu wa chuo na maafisa wa uhamiaji wa Marekani, wakiwa wamechoshwa na masuala ya ndoa zake na gharama zake, walikataa kumwongezea muda wa kukaa nchini humo. Mwaka 1964 alirudi Kenya akiwa hana shahada ya uzamifu aliyoifuata. Shahada ya uzamili ya Harvard aliipata mwaka 1965. Kwa miaka iliyosalia ya uhai wake alijitambulisha kama Daktari Obama, na wengi walimwita hivyo.

HAZINA ALIYOIKUTA

Kenya aliyorejea ilikuwa na bendera yake, lakini mfuko wake ulikuwa bado umefungwa kwa kamba za zamani. Wizara ya Fedha, ambayo Wakenya huiita Hazina, ilikuwa imerithi mfumo uliojengwa na Waingereza: kukusanya ushuru na kodi, kuandaa makadirio ya mapato na matumizi, kuzigawia wizara nyingine fungu lao, na kukopa pale mapato yalipopungua. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wao, Waingereza waliziba pengo la bajeti kwa ruzuku kutoka London, hali iliyodumu hadi mwaka 1912. Sarafu nayo ilisimamiwa na bodi iliyohudumia Afrika Mashariki nzima, iliyoundwa mwaka 1919.

Waziri wa Fedha wa Kenya huru alikuwa James Gichuru. Chini yake, mwaka 1966, ilianzishwa Benki Kuu ya Kenya na shilingi ya Kenya ikachukua mahali pa ile ya Afrika Mashariki. Gavana wa kwanza wa benki hiyo, Leon Baranski, alikuwa mzaliwa wa Poland. Duncan Ndegwa alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo mwaka 1967. Mipango ya uchumi iliwekwa katika wizara ya pekee iliyoongozwa na Mboya. Wataalamu wengi walioandaa hesabu na mipango walikuwa wageni, kwa kuwa wenyeji waliosomea kazi hiyo walikuwa wa kuhesabika.

Kwa hiyo mtu aliyetoka Harvard alikuwa lulu. Obama aliajiriwa kwanza na kampuni ya mafuta, kisha akafanya kazi katika taasisi za umma. Alikuwa na nyumba, gari, suti nzuri na marafiki serikalini. Njia ilikuwa imemfungukia. Ndipo alipochukua kalamu.

KALAMU YA 1965

Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Serikali Nambari 10, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na jinsi ya kuutumia katika kupanga maendeleo ya Kenya. Uliandaliwa katika wizara ya Mboya na kuwa msingi wa sera ya uchumi kwa miongo mingi. Jina lake lilikuwa la ujamaa, lakini maudhui yake yalielekea kwenye mali ya binafsi, mitaji ya kigeni na hati za kumiliki ardhi za mtu mmoja mmoja. Rais Jomo Kenyatta aliutambulisha kwa matumaini kwamba ungekomesha ubishi wa nadharia uliokuwa ukiendelea nchini.

Ubishi huo haukuwa wa mzaha. Ndani ya chama tawala cha KANU, Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walitaka wasio na ardhi wapewe ardhi na uchumi utolewe haraka mikononi mwa wageni. Mnamo Februari mwaka huohuo, mbunge Pio Gama Pinto, mshirika wa karibu wa Odinga, aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi.

Katika hali hiyo, Julai 1965, jarida la East Africa Journal lilichapisha makala ya Obama yenye kichwa kilichohusu matatizo yanayoukabili ujamaa wa Kenya. Ilikuwa makala ya mtaalamu, si ya mwanasiasa. Aliipongeza serikali kwa kujaribu kuweka msimamo wake katika maandishi, kisha akaanza kuufumua msimamo huo uzi kwa uzi.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba waraka huo haukufafanua vya kutosha huo Ujamaa wa Kiafrika ni kitu gani, wala haukueleza ungetofautiana vipi na mifumo mingine. Ya pili ilihusu ardhi. Alionya kuwa kugawa hati kwa mtu mmoja mmoja kungeishia kuikusanya ardhi mikononi mwa wachache, naye akapendekeza vyama vya ushirika vilivyojengwa juu ya koo, kwa kuwa Mwafrika alikuwa tayari amezoea kuimiliki ardhi kwa pamoja. Ya tatu ilihusu biashara. Alitaka serikali ikiri kwamba maduka, viwanda na majumba ya Nairobi yalikuwa karibu yote ya Waasia na Wazungu, na ichukue hatua za makusudi za kumwingiza Mwafrika katika uchumi wa nchi yake.

Hoja iliyokuja kuzua gumzo zaidi miongo kadhaa baadaye ilihusu kodi. Obama alisema kuwa, kinadharia, hakuna kikomo cha kiwango ambacho serikali inaweza kutoza, mradi wananchi wapate manufaa yanayolingana na walichotoa. Mwanawe alipowania urais wa Marekani mwaka 2008, wapinzani wake waliichukua hoja hiyo na kuipeperusha kama ushahidi wa itikadi kali. Waliiondoa mahali pake. Aliyeiandika alikuwa akizungumzia nchi maskini isiyo na akiba, inayotafuta mtaji wa kujenga barabara na viwanda bila kuinamia wakopeshaji wa nje. Na sharti lake lilikuwa wazi: kodi isiyomrudia mwananchi kwa sura ya huduma haina uhalali. Kwa mtoto wa Kendu Bay, aliyekulia mahali ambapo kodi ilikwenda na kurudi kwake kulikuwa haba, halikuwa wazo la kuokota vitabuni pekee.

Makala hiyo iliwagusa watu aliowafahamu. Mboya, ambaye sera yake ilikosolewa, alikuwa rafiki na mlezi wake wa kisiasa. Urafiki wao ulistahimili ukosoaji huo. Mawazo yake, hata hivyo, yalikaribiana zaidi na ya Odinga, aliyejiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU.

RISASI ILIYOMFIKIA MBOYA

Obama alipitia Benki Kuu, kisha shirika la serikali la kuendeleza utalii. Hakudumu popote. Uhodari wake ulitambuliwa, lakini vilevile ulimi wake. Alikuwa na tabia ya kuwaonyesha wakubwa wake, mbele ya watu, kuwa hawakijui walichokuwa wakikifanya. Aidha alikunywa kupita kiasi. Mazoea yake ya kuagiza pombe kali maradufu yalimpatia jina la utani kwenye mabaa ya Nairobi.

Julai 5, 1969, mchana wa Jumamosi, alikutana na Mboya barabarani katikati ya jiji na kusalimiana naye. Muda mfupi baadaye Mboya alipigwa risasi na kufa alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Obama alikwenda mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, jambo ambalo wengi wa rika lake walilihofia.

Kifo cha Mboya kilimwondolea ngao. Oktoba mwaka huo ghasia zilizuka Kisumu wakati Rais Kenyatta alipofika kufungua hospitali, watu wakauawa kwa risasi, KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kwa msomi Mjaluo aliyekuwa na sifa ya kusema bila kupima, milango ilianza kufungwa. Mwaka 1970 alipoteza kazi katika shirika la utalii. Familia yake ilisimulia kwamba amri ya kumnyima kazi ilitoka juu kabisa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya giza. Alipata ajali mbaya ya barabarani iliyomjeruhi miguu na kumlaza hospitalini kwa muda mrefu. Desemba 1971, akichechemea kwa mkongojo, alisafiri hadi Honolulu kumwona mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 10. Alikaa kama mwezi mmoja, akampa zawadi ya mpira wa vikapu, akaondoka. Hawakuonana tena.

Nyumbani kwake hali haikuwa njema. Ruth Baker, Mmarekani aliyemfuata Kenya na kuolewa naye mwaka 1964, alimwacha baada ya miaka ya mateso. Mwana wao Mark Ndesandjo alieleza hadharani mwaka 2009 jinsi babake alivyokuwa akimpiga mama yake. Hilo nalo ni sehemu ya maisha ya Obama Mkubwa, na halifutiki kwa sababu ya akili yake nyingi wala kwa sababu ya cheo cha mwanawe. Mtu aliyedai haki katika ugawaji wa mali ya taifa alishindwa kuitenda haki mlangoni pake.

KURUDI HAZINA

Katikati ya miaka ya 1970 aliajiriwa kama mwanauchumi katika Wizara ya Fedha na Mipango. Waziri alikuwa Mwai Kibaki, aliyeshika hatamu za wizara hiyo tangu 1969 hadi 1982 na aliyekuwa mwenyewe msomi wa uchumi. Ofisi za fedha na za mipango zilikuwa sasa chini ya waziri mmoja. Mkosoaji wa sera alikuwa ameketi jikoni inakopikwa.

Aliingia wakati mgumu. Katika mwongo wa kwanza wa uhuru uchumi wa Kenya ulikuwa umekua kwa wastani wa takriban asilimia 6 kwa mwaka, na kazi ya Hazina ilikuwa kugawa kilichoongezeka. Lakini bei ya mafuta ilipanda mara nne kuanzia mwishoni mwa 1973. Afueni ilikuja pale baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa kupaa mwaka 1976 na 1977. Serikali ilizoea matumizi ya neema hiyo. Neema ilipokwisha, matumizi yalibaki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Kenya ikalazimika kubeba peke yake mashirika yaliyokuwa ya pamoja. Mafuta yakapanda tena mwaka 1979. Kufikia 1980 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia wenye masharti ya kurekebisha uchumi.

Wananchi huiona Hazina siku moja kwa mwaka, ile ya Juni ambapo waziri huingia Bungeni na mkoba wake kusoma bajeti. Kazi yenyewe hufanyika miezi yote iliyotangulia. Kila wizara huleta maombi yake. Maafisa huyapima, huyakata, hurudisha, hubishana. Katika chumba hicho ndipo huamuliwa ni barabara ipi itawekwa lami na ni hospitali ipi itasubiri. Jina la afisa aliyekata halitajwi popote.

Humo ndimo Obama alimomaliza miaka yake ya mwisho. Wadhifa mkubwa aliodhani unamstahili haukumjia. Aliwaona watu waliosoma nyuma yake wakipanda ngazi na kumpita. Lakini alikuwa amerudi kwenye kazi aliyoisomea. Alioa tena, na mwaka 1982 alipata mtoto wa kiume.

Mwaka huo ulikuwa wa misukosuko. Agosti 1 baadhi ya wanajeshi wa angani walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio hilo lilizimwa, lakini liliacha hofu serikalini na jijini. Miezi minne haikuwa imetimia kabla ya ajali ile ya Novemba. Mwanawe wa Hawaii, wakati huo mwanafunzi wa umri wa miaka 21 jijini New York, alipata habari kwa simu.

Alizikwa Nyang'oma Kogelo, karibu na kaburi la Onyango, aliyefariki mwaka 1979. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwapo wanasiasa mashuhuri wa Nyanza, akiwemo Robert Ouko.

SWALI LILILOBAKI

Novemba 2008, mwana alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani, aliyekuwa akiongoza Kenya ni Kibaki, waziri wa zamani wa mwanauchumi yule. Kibaki aliitangaza Novemba 6 kuwa siku ya mapumziko kwa taifa zima. Kogelo ilijaa wageni na waandishi wa habari. Kanyadhiang na Kendu Bay, ambako kitovu cha marehemu kilizikwa, hazikupata sehemu kubwa ya shangwe hiyo, ingawa jamaa zake wengi wangali huko.

Waraka Nambari 10 ulikuwa na kipengele kingine ambacho uzito wake ulikuja kuonekana pole pole. Kilishauri fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yatakayozalisha haraka zaidi: yenye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Kwa maneno mengine, aliyenacho aongezewe, kisha faida imfikie asiyenacho. Sehemu kubwa za nchi zilisubiri faida hiyo kwa karibu nusu karne.

Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 ilikuwa jibu la Wakenya kwa kusubiri huko. Iliunda kaunti 47 na kuagiza zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, pamoja na hazina maalumu ya kuyainua maeneo yaliyosahauliwa. Wizara ya Fedha ikapata jina jipya, Hazina ya Kitaifa, na pamoja nalo mipaka mipya: haiwezi tena kuamua peke yake wapi maendeleo yaende. Na Juni 2024, vijana walipojaa mitaani kuupinga Mswada wa Fedha hadi serikali ikaurudisha nyuma, malalamiko yao yalikuwa kwamba walitozwa bila kuona wanachotozewa. Bila shaka wengi wao hawakuwahi kuisoma makala ya 1965. Lakini walikuwa wakiuliza lile lile aliloliuliza.

Obama Mkubwa hakuacha mali, tasnifu, wala wizara iliyobeba jina lake. Aliacha watoto waliomfahamu kwa nusu nusu, majeraha katika nyumba zaidi ya moja, na kurasa chache katika jarida la zamani. Katika kurasa hizo, mtoto wa mpishi kutoka Kendu Bay aliiambia serikali mpya ya nchi yake kwamba kukua kwa uchumi hakutoshi. Lazima ijulikane unakua kwa ajili ya nani. Kila mwezi wa Juni, bajeti inaposomwa Nairobi, wavuvi na wakulima wa ufuo ule bado husikiliza redio wakingoja kusikia jibu.